Mto wa utotoni kwenye turubai: kazi ya kumbukumbu na kazi ya macho

Swali: Ninachora kwa akriliki na rangi za mafuta, nimejifunza mwenyewe. Kila mara narudia jambo lile lile: mto tuliokuwa tukiogelea tukiwa wadogo, mti mkubwa ukingoni, nyasi ndefu, na bibi ameketi kivulini akitungoja. Moyoni picha iko wazi kabisa. Ikifika kwenye turubai inageuka picha ya kalenda, tamu na isiyo na uhai. Nikifuata picha niliyopiga kwa simu, mchoro unakuwa sahihi lakini siuoni kama wangu. Nifanyeje? Na sura ya bibi siikumbuki vizuri. Niinakili kutoka picha yake ya zamani?

Jibu: Ndugu msomaji, michoro yako ya aina zote mbili inakwama kwa sababu moja. Katika ile ya kwanza umeipa kumbukumbu kazi ya macho, na katika ya pili umeipa simu kazi ya kumbukumbu.

Kumbukumbu ni hodari wa kuchagua. Katika mambo chungu nzima yaliyokuwapo pale mtoni imebakiza manne au matano, na kila moja imelipa ukubwa kwa kadiri lilivyokugusa. Lakini haijui kivuli kilikuwa na giza kiasi gani, wala maji ya karibu yalitofautianaje na ya mbali. Pale isipojua haiachi pengo. Inajaza kwa alama za jumla ambazo kila mtu anazo kichwani: anga la bluu, majani ya kijani, shina la kahawia. Hizo alama ndizo zinazokupa kalenda. Simu nayo inajua yote hayo kwa kiasi fulani, ila haijui kuchagua. Inalipa kila jani haki sawa na bibi yako.

Kwa hiyo kazi iende kwa hatua tatu, na mpangilio wake usigeuzwe: kumbukumbu kwanza ikiwa peke yake, kisha uende nje ukiwa na maswali mkononi, kisha uchore ndani, mbali na mto na mbali na simu.

Kumbukumbu peke yake

Kabla hujafungua albamu ya familia na kabla hujarudi mtoni, kaa na karatasi. Ukishaitazama picha ya zamani, picha hiyo na kumbukumbu yako vitachanganyika, na baada ya siku chache hutaweza kuvitenganisha tena. Hili halina dawa, ndiyo maana nasisitiza mpangilio.

Chukua karatasi ya A4, ikunje upate vyumba vinane, kila kimoja kama sm 7 kwa 10. Kwa mkaa au penseli laini ya 4B au 6B, chora kumbukumbu hiyo hiyo mara nane, dakika tatu kwa kila chumba, bila kufuta. Viwili vya kwanza vitakuwa kalenda, kwa sababu mkono unatoa kilicho karibu. Kuanzia cha tatu au cha nne mazoea yanaanza kuisha na vitu visivyotarajiwa vinajitokeza: mzizi uliokuwa mkubwa kuliko mtu, ukingo uliokatika ghafla, weusi wa maji chini ya mti. Ukimaliza, tazama ni nini kimejirudia katika vyumba sita au zaidi. Hicho ndicho kiini cha mchoro. Kilichotokea mara moja tu, hata kama ni kizuri, kiweke akiba kwa mchoro mwingine.

Kando yake andika kwa maneno. Jua lilitoka upande gani? Ulikuwa umesimama, umeketi au umelala kifudifudi? Bibi alikuwa kushoto au kulia? Chini ya miguu palikuwa na mchanga, tope au mawe? Pale usipojua, weka alama ya kuuliza na usibuni jibu. Alama hizo ndizo orodha ya maswali utakayokwenda nayo nje.

Zipo kasoro tatu za kumbukumbu ambazo ni vizuri uzitegemee. Ya kwanza ni fremu. Tangu mwaka 1989 watafiti wameonyesha kwamba mtu akitazama picha kisha akaichora bila kuiona, huongeza pembeni eneo ambalo halikuwamo. Kwa hiyo kumbukumbu yako itakuletea mandhari pana kuliko ulivyoona kweli, na upana huo ni nusu ya ukalenda wake. Ya pili ni rangi: watu wakiulizwa rangi ya nyasi au anga kwa kukumbuka, kwa kawaida huchagua iliyo kali kuliko halisi. Ya tatu ni ya ajabu zaidi. Kumbukumbu nyingi za zamani humwonyesha mtu akijiona mwenyewe kwa nje, kama anayemtazama mtoto mwingine. Ukijiona ukiogelea, ujue umesimama mahali ambapo hukuwahi kusimama, na mara nyingi umesimama hapo kwa kimo cha mtu mzima.

Kimo cha macho

Hapa ndipo ningekuomba ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hakuna badiliko moja linalorudisha utoto kwenye mchoro kwa haraka kama hili, na wachoraji wengi hulipita bila kulitazama.

Mstari wa upeo wa macho kwenye mchoro ni kimo cha jicho la anayetazama. Kila kitu kilicho kwenye ardhi tambarare hukatwa na mstari huo kwa kimo kile kile, kiwe karibu au mbali. Mtu mzima aliyesimama ana jicho kwenye kama sm 150. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa kama sm 110, na jicho lake liko kwenye kama sm 100. Sasa fuata matokeo yake. Mtu mzima mwenye sm 160, akisimama popote kwenye mchoro wako, mstari wa upeo utampita karibu na kitovu, na kuanzia hapo kwenda juu kifua na kichwa vyote vitapanda juu ya mstari huo. Nyasi zenye urefu wa mita moja zitafika kwenye mstari wenyewe na kuificha ardhi yote iliyo nyuma yake. Zikizidi hapo kidogo tu, ncha zake zitachorwa dhidi ya anga. Mtu mzima angeziona nyasi hizo hizo kutoka juu, kama zulia. Katika michoro ya kalenda nyasi ni zulia karibu kila mara.

Meza ya sm 75 inaonyesha jambo hilo kwa hesabu nyepesi. Jicho la mtu mzima liko sm 75 juu ya uso wa meza, la mtoto liko sm 25 tu. Kwa umbali ule ule, uso wa meza kwenye mchoro wa mtoto utakuwa mwembamba, kama theluthi moja tu ya ule wa mtu mzima. Ndivyo ilivyo pia kwa jiwe kubwa la mtoni, kwa mzizi, kwa ukingo wa mchanga: vyote vinakuwa vipande vyembamba vilivyopangana, na vilivyo nyuma vinafichwa na vilivyo mbele. Utoto una vitu vingi vilivyofichwa. Usione haya kuficha.

Ili upate kimo hicho nje, usikisie. Funga uzi wenye rangi kwenye fimbo, sm 100 kutoka chini, uisimamishe kando yako. Kwa watu wazima wengi, kiti kifupi cha sm 25 hadi 30 hulifikisha jicho karibu na uzi. Ukiketi chini kabisa utashuka hadi kama sm 75 au 80, ambacho ni kimo cha mtoto mdogo zaidi au mtoto aliyepiga magoti. Chagua kimoja ukishikilie. Kosa linaloharibu michoro mingi ya aina hii ni kuchanganya: mti umechorwa kwa jicho la sm 100, mto kwa jicho la sm 150, na mtazamaji anahisi kuna kitu kimeteguka bila kujua ni nini.

Kama kimo kikiwa sahihi na bado unahisi mti ulikuwa mkubwa zaidi, uongeze. Ukubwa unaotokana na hisia ni mali ya kumbukumbu, una haki nao. Mchoraji Marc Chagall alipochora *Mimi na Kijiji* mwaka 1911, akiwa Paris, kichwa cha mnyama kilichukua sehemu kubwa ya turubai huku nyumba za kwao zikiwa ndogo, nyingine zimepinduliwa. Hakuna anayeuona mchoro ule kuwa na kosa, kwa sababu ukuzaji wake ni wa makusudi na umeenea mchoro mzima. Ukikuza kwa asilimia 10, mtazamaji atadhani umekosea. Kuza mara moja na nusu au usikuze kabisa.

Kwenda nje na maswali

Sasa nenda mtoni, au kwenye mto mwingine wowote wenye mwanga na mimea inayofanana. Huendi kuchora mandhari. Unakwenda kujibu alama za kuuliza, moja baada ya nyingine, kwa michoro midogo mitano au sita ya vipande: mzizi unavyoingia ardhini, maji yanapogusa jiwe, jani dhidi ya anga.

Mchoraji Mwingereza John Constable alikulia kwenye bonde la mto Stour, ambako baba yake alikuwa na kinu cha kusagia nafaka, na aliuchora mto huo maisha yake yote. *The Hay Wain* (mkokoteni wa nyasi kavu) ya mwaka 1821 aliichora London, mbali na mto. Mahali alipajua tangu utoto, lakini kwa ajili ya ule mkokoteni aliomba achorewe mkokoteni halisi kule kijijini na kutumiwa. Mwaka huo huo na mwaka uliofuata alichora mawingu kwa wingi huko Hampstead, London, na nyuma ya michoro mingi akaandika tarehe, saa na upepo. Hivyo ndivyo daftari lako linavyotakiwa kuwa. Badala ya kuandika "kijani", andika "kijani kilichofifia kuliko nyasi za mbele, baridi zaidi, giza la 4 kati ya 5". Rangi iandikwe daima kwa kuilinganisha na jirani yake.

Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo usikae kwenye mchoro mmoja zaidi ya dakika 90. Dakika tano za kwanza chora mipaka ya vivuli kwa mstari mwembamba, kisha usiibadilishe hata vivuli vyenyewe vikihama.

Haya matatu yatazame kwa makini, kwa kuwa karibu kila mchoro wa mto na mti uliotoka kichwani huyakosea.

Madoa ya jua chini ya mti. Kichwani tunayachora yakiwa na maumbo ya kila namna, kama mapengo ya majani. Mengi kwa kweli ni mviringo. Tundu dogo kati ya majani linatupa chini taswira ya jua lenyewe, na kadiri jua linavyoinama ndivyo mviringo unavyorefuka kuwa duaradufu. Upana wake haupungui kiasi cha 1/108 ya umbali kutoka tundu hadi ardhini: pengo lililo mita 5 juu linatoa doa la kama sm 4.6, na la mita 10 doa la kama sm 9. Kingo zake ni laini. Madoa ya pengo la juu ni makubwa na hafifu, ya pengo la chini ni madogo na makali. Ukiyachora yote sawa, kwa ukali mmoja, ardhi itaonekana imemwagikiwa rangi.

Kijani cha majani. Kuna vijani vitatu kwenye mti mmoja kwa wakati mmoja. Jani linalopitisha mwanga, yaani jua liko nyuma yake, lina kijani chenye njano kali. Jani linaloakisi anga kwenye uso wake unaong'aa ni la kijivu chenye bluu, karibu halina kijani. Jani lililo kivulini ni la giza, lenye ubluu likielekea anga na lenye joto likielekea ardhi iliyopigwa na jua. Kwa kuanzia, cha kwanza kichanganye kwa sehemu 4 za njano ya limau na 1 ya bluu ya altramarini, bila nyeupe hata kidogo, kwa sababu nyeupe huipoza rangi na kuifanya kama chokaa. Cha pili ni altramarini na nyeupe, ukidokeza kijani cha kwanza. Cha tatu ni sehemu 2 za altramarini, 1 ya siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), 1 ya njano. Vipimo utavirekebisha, maana nguvu ya rangi hutofautiana kutoka kiwanda kimoja hadi kingine.

Kuhakiki, kata kadi nyeupe ya sm 5 kwa 8, itoboe tundu, paka mchanganyiko wako pembeni mwa tundu na ulitazame jani kupitia hapo. Kadi iwe kwenye mwanga ule ule wa jani. Kadi iliyo kivulini ikilinganishwa na jani lililo juani itakudanganya, utaipausha rangi yote. Watu wengi hushtuka kuona kijani halisi kilivyo cha kijivu.

Maji. Miguuni pako unaona chini, kwa sababu unayatazama karibu wima kutoka juu. Kadiri yanavyokwenda mbali pembe inalala, uakisi unazidi, na maji yanakuwa kioo cha anga na miti. Kwa jicho la mtoto pembe inalala mapema zaidi, kwa hiyo mpaka kati ya maji ya kuona chini na maji ya kioo unasogea karibu na miguu. Huo mpaka uutafute kwa macho ukiwa kwenye kiti kifupi na uuandike uko hatua ngapi kutoka ulipo. Taswira ya kitu cheusi kwenye maji huonekana hafifu kidogo kuliko chenyewe, na ya kitu cheupe huonekana na giza kidogo. Taswira ishuke wima, chini ya kitu chake.

Simu ibebe, ila kwa kazi ndogo: umbo la tawi, mpangilio wa mawe. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, inakuza vya mbele na kuvipunguza vya nyuma, na mwanga ukiwa mkali ama vivuli vinazama kwenye weusi ama anga linafutika. Toni, yaani kiasi cha mwanga na giza, na rangi usizichukue humo.

Kuzoeza jicho kushika

Baina ya kwenda nje na kuchora ndani kuna ustadi mmoja unaojengwa kwa mazoezi. Mwalimu Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aliandika kuuhusu mwaka 1848, na mchongaji Rodin na mchoraji Fantin-Latour walipita mikononi mwake. Alianza na vitu vyepesi, akipanda hatua kwa hatua. Mchoraji Whistler naye, alipokuwa akijiandaa kuchora mandhari ya usiku ya mto Thames, alikuwa akitazama, akaupa mto mgongo, akataja kwa sauti alichokiona, na mwenzake aliyekuwa akiutazama akamsahihisha.

Fanya hivi kila siku, dakika 15 tu. Tazama jiwe au tawi dakika tano bila penseli mkononi. Geuka, chora kwa dakika nane. Kisha rudi ulinganishe, na urekebishe kwa penseli ya rangi nyingine ili makosa yabaki yakionekana. Utaona makosa ya kurudiarudia: mistari ya mshazari imesimama wima kuliko ilivyo, na nafasi kati ya vitu zimelingana wakati zenyewe hazilingani. Kusawazisha huko ndiko kunakoua mchoro. Ukilijua kosa lako la kawaida, unaweza kulikinga hata ukichora kitu cha miaka thelathini iliyopita.

Ndani, mbele ya turubai

Mchoraji Mfaransa Bonnard hakupenda kuchora kitu kikiwa mbele yake. Alirudi nyumbani na michoro midogo ya penseli kwenye shajara zake, ambamo pia aliandika hali ya hewa ya kila siku, na rangi aliipaka kwa kutegemea hiyo na kumbukumbu. Nakushauri ufanye vivyo hivyo. Vyumba vinane vya kwanza vibandike ukutani, daftari la nje liwe mezani, simu iwe chumba kingine.

Chora vijipicha kama kumi vya sm 6 kwa 8, kwa toni tatu tu: mwanga, kati, giza. Katika kila kimoja amua toni ipi inatawala. Mchoro wenye sehemu sawa za toni zote tatu huwa hauna msimamo. Ukipata kimoja kinachosomeka ukiwa mita tatu, kata vipande viwili vya karatasi ngumu vyenye umbo la L, uvitumie kama fremu, ukikaza fremu hadi uondoe kama robo ya eneo. Kumbuka ile kasoro ya kumbukumbu kupanua. Sehemu ya juu ya mti itakatika, ng'ambo ya mto itatoweka. Vumilia.

Kisha chagua saa moja. Kumbukumbu ya mto imeunganishwa kutoka siku nyingi, na jua lake linatoka pande tatu kwa pamoja. Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, kivuli kinalingana na urefu wa kitu. Likiwa nyuzi 30 kivuli ni mara 1.7, na nyuzi 15 ni karibu mara 3.7. Chagua pembe, andika namba nyuma ya turubai, na kila kivuli kiifuate.

Kuhusu ukali wa rangi, ruhusu rangi iliyo kali kabisa mahali pamoja tu, isizidi sehemu moja ya kumi ya turubai, na mahali hapo pawe kile kilichojirudia katika vyumba vyako. Sehemu nyingine zote zijengwe kwa vijivu vya altramarini na siena, vikiegemea huku au kule. Kwa njia hiyo ukali wa kumbukumbu unabaki, ila unakuwa na kitu cha kuupinga.

Pale ambapo hukumbuki na hukupata jibu nje, usijaze majani ya kubuni. Weka toni moja bapa yenye kiasi sahihi cha giza. Lakini tafadhali usifunike mchoro mzima kwa ukungu au kwa ukahawia ili uonekane wa zamani. Wachoraji wengi hulikimbilia hilo, na ni kinyume cha kumbukumbu ilivyo: kumbukumbu ina sehemu kali kupita kawaida, na kando yake sehemu tupu. Kingo kali ziwe kwenye kiini, na pengine kingo ziyeyuke.

Upande wa vifaa sina mengi. Anza na turubai ya sm 40 kwa 50. Rangi za mafuta zinafaa zaidi kwa kazi hii kwa kuwa unaweza kukwangua na kurudia. Matabaka ya chini yawe na mafuta kidogo na ya juu yawe nayo zaidi, vinginevyo yatapasuka, na vanishi isubiri miezi 6 hadi 12. Akriliki hukauka ikiwa na giza zaidi kuliko ilipokuwa mbichi, kwa hiyo jaribu kila mchanganyiko kwenye kipande cha pembeni. Mafuta juu ya akriliki inawezekana, akriliki juu ya mafuta haishiki.

Bibi

Usianze na picha yake ya zamani. Mpe naye vyumba vinane vyake, ukichora mkao tu: mabega, alivyoinamisha kichwa, mikono ilikuwa wapi. Mara nyingi mtu anayedhani hakumbuki sura hugundua kwamba anakumbuka mkao kwa usahihi mkubwa, na mkao ndio unaomtambulisha mtu kwa mbali.

Mtu mzima aliyeketi kwenye kiti kifupi ana jicho kwenye kama sm 100, sawa na jicho la mtoto wa miaka mitano aliyesimama. Kwa hiyo kama bibi aliketi hivyo, mstari wa upeo upite kwenye macho yake, popote utakapomweka kwenye ardhi tambarare. Kama aliketi chini, macho yake yawe chini ya mstari. Kwa mtu aliyeketi kwenye kiti kifupi mwenye sm 12 kwenye turubai, kichwa kizima hakizidi sm 2.5. Kwa ukubwa huo hakuna kope wala mikunjo ya kuchora. Kuna paji la uso, shimo la macho na kivuli cha shavu, toni tatu.

Hapo ndipo picha ya zamani inaweza kufunguliwa, kwa jambo moja tu: vipimo. Pima upana wa mabega ukilinganisha na kichwa, urefu wa shingo, umbali kutoka jicho hadi kidevu. Mwanga wake usiuchukue. Picha nyingi za zamani za sura zilipigwa kwa mwanga wa mbele unaofuta vivuli, na bibi yako yuko chini ya mti, ambako mwanga unatoka juu: paji na mashavu yanashika mwanga, mashimo ya macho na chini ya pua na kidevu vinazama, na uso wote unapata kijani kidogo kutoka majani na joto kidogo kutoka ardhini. Ili uipate hali hiyo, mwombe mtu mzima yeyote aketi chini ya mti saa ile uliyoiandika nyuma ya turubai, umtazame ukiwa kwenye kiti chako kifupi. Chora toni zake tatu kwenye kipande cha turubai cha sm 5, kiache kikauke, kisha kishike juu ya mchoro mahali bibi alipo. Kikionekana kimebandikwa, tofauti karibu kila mara iko kwenye giza la macho, ambalo litakuwa jeusi mno. Lipandishe toni nusu kabla hujagusa kitu kingine.